Jasho la Mwamba wa Mwamashiga

Asubuhi ile Kwandu aliamkia watu kumi na mmoja, na hakuitikiwa hata na mmoja.

"Mwangaluka," aliwaambia wanawake waliokuwa wakikinga maji penye bomba lililovunjwa. Wakainamia ndoo zao. "Mwangaluka, baba," alimwambia fundi baiskeli, mzee aliyemfundisha kuendesha alipokuwa na miaka sita. Fundi akaanza kujaza upepo tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Ilikuwa siku ya tisa tangu mji umtenge, na kutengwa Mwamashiga si mchezo, jamani. Hupewi moto. Hupewi maji. Salamu yako haiitikiwi, na atakayeiitikia anatengwa pamoja nawe. Ukifa, ujue mwenyewe namna ya kujizika.

Mama yake, Ng'walu, alikuwa amekaa kizingitini, mguu wa kushoto ameunyoosha kwa sababu ya nyonga mbovu. Hakuinua uso binti yake alipofika. Alimtazama kuku wake, mmoja tu aliyeachwa na ukame.

"Wewe kuku," alisema, "kuna uji umebaki chunguni. Mtu akiutaka ajichotee. Mimi sijampa."

Sheria ya kutengwa inakataza kusema na mtu. Haikatazi kusema na kuku, na Ng'walu aliigundua njia hiyo siku ya kwanza. Lakini msidhani ilikuwa njia ya mapenzi. Hapana. Mama yule alikuwa na hasira, na kuku alizipata zote.

Kwandu akanywa uji amesimama. Sakafu ya udongo ilikuwa na joto chini ya nyayo zake, joto lililotoka chini, ilhali jua lilikuwa bado halijafika mlangoni.

"Mayu, sakafu yako inaungua."

"Kuku, miezi minane mvua haijanyesha. Kitu gani hakiungui? Na yule aliyetuambia tulivunje bomba ndiye huyo huyo anayetuambia tulirudishe. Hivi mtu wa namna hiyo unamwitaje? Mimi nilimzaa, na jina lake limenishinda."

Kwandu akaweka kibakuli chini. Asingeweza kusema kwamba ameonewa, kwa sababu hakuonewa. Alikuwa mtoto pekee wa Mwamashiga aliyeajiriwa kwenye Tanuru, ule mtambo wa ukingoni mwa mji ulioteremsha mkuki wa moto kilomita kumi na nane ardhini, chini kabisa ya nyumba za watu. Bomba la kutoka ziwani lilipita katikati ya mji, na robo tatu ya maji yake yalimwagwa shimoni huku watoto wakinywa tope. Jidayi, kamanda wa sungusungu, alimzika mwanawe wa miaka minne kwa ugonjwa wa kuhara. Wiki moja baada ya mazishi yale Kwandu alisimama mkutanoni akawaambia alichokijua: mwamba mkavu ni mgumu kuyeyuka, maji ndiyo huurahisishia. Nyimeni maji, Tanuru litakufa ndani ya wiki. Kesho yake watu walikwenda na nyundo.

Wiki saba zilipita na Tanuru halikufa. Hapo ndipo Kwandu aliporudi mkutanoni kuwaomba warudishe maji shimoni. Jidayi hakumwacha amalize. "Wamemnunua," alisema, na mkutano mzima ukamgeuzia mgongo, mama yake akiwa miongoni mwao.

*

"Asilimia thelathini na moja," Kwandu alisema, akisoma kwenye kioo cha mtambo. Kazi yake ilikuwa hiyo, kusoma jasho la mwamba.

Bwana Eliakunda, mhandisi mkuu, alikuwa akikunja mashati na kuyaingiza begini hapo hapo ofisini. "Nimeona," alijibu bila kugeuka.

Sasa hapa lazima tusimame kidogo, maana wengi hudhani ardhi ikipashwa moto huyeyuka yote kwa mpigo kama samli kwenye kikaango. Wapi! Ganda la bara ni mchanganyiko wa mawe ya kila tabia, na kila moja lina moto wake. Ukilipasha polepole, kwanza hutoka jasho tu: vitone vidogo sana vya uji, kwenye kona ambapo chembe za mwamba zinakutana. Katika vitone hivyo hukimbilia madini yote ambayo chembe nyingine zimeyakataa, lithi na bati na ndugu zake, na hayo ndiyo Tanuru lilikuwa likiyanyonya kwa ajili ya betri za nusu ya bara. Jasho likiwa asilimia tatu au nne, kila kitone kimejifungia peke yake na mwamba umesimama imara. Likipita saba hivi, vitone vinaanza kushikana mikono, uji unapata njia. Thelathini na moja si mwamba tena. Ni kitu chepesi kilicholaliwa na kitu kizito, na chepesi hutafuta njia ya kupanda.

Kwandu alilijua hilo tangu chuoni. Alichokisahau, na alijilaani kwa kukisahau, ni ulanga, yale magamba yanayong'aa ambayo watoto wa Mwamashiga huyabandua kwenye mawe wakijipamba usoni. Ulanga una maji yake, yamefungiwa ndani. Ukiunyima mwamba maji ya bomba, hujauzima. Mwenye mtambo akiongeza moto tu, ulanga unapasuka na kutoa yake. Na uji wa namna hiyo ni mbaya kuliko wa kwanza. Uliotokana na maji mengi huyeyuka kwa moto mdogo, na ukipanda kidogo mgandamizo unapungua, maji yanautoka, unaganda njiani, unalala huko huko chini ukawa jabali la graniti na hakuna anayejua kama ulikuwepo. Huu wa moto mkali na maji kidogo haugandi. Unafika juu.

"Nilikuandikia usipandishe moto," alisema Kwandu.

"Na mimi niliandikiwa nipandishe. Barua yangu ilikuwa na sahihi kubwa kuliko yako."

"Zima mkuki, Bwana Eliakunda. Sasa hivi."

"Nizuie nini? Uji umeshaondoka kwenye mkuki. Uko kilomita nne chini ya miguu yetu na unapanda." Akafunga zipu ya begi. "Kompyuta inasema utatoka saa kumi jioni. Mimi kompyuta siiamini. Naondoka saa tano."

"Na watu?"

"Watu gani? Hawa waliotuvunjia bomba? Walioangusha mlingoti wa king'ora?" Aligeuka sasa, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala. "Na hata wasingeuangusha. Mwaka jana nilikipiga mara tatu bure ili watoke kwenye bomba langu. Ungekuwa wewe ungekimbia? Usiniangalie hivyo, Kwandu. Mimi nimepandisha moto. Aliyewaambia wavunje ni nani?"

Kwandu akageuzia uso wake kwenye kioo.

"Gari la mwisho lina nafasi mbili," Eliakunda alisema kwa sauti ya chini kidogo. "Yako na ya mama yako. Mama wa watu hana kosa. Lakini ukiniletea mtu wa tatu nawaacha wote watatu barabarani, nakwambia mapema."

*

Nje ya geti njia inagawanyika. Kushoto inashuka mjini, hadi kizingiti cha Ng'walu. Kulia inakwenda mashariki, kilomita sita, hadi Kilima cha Upepo ambako vijana walichunga ng'ombe kabla nyasi hazijaisha. Kwandu alisimama pale njiapanda, na saa ilikuwa tatu na nusu.

Angeweza kumbeba mama yake mzobemzobe hadi kwenye gari. Ng'walu angempiga, angemng'ata, lakini angepona. Nafasi mbili, watu wawili, hesabu imeisha. Na nyuma yao watu elfu mbili, na watoto wanaobandua ulanga.

Aende akawaambie? Nani angemsikiliza? Angepita nyumba kwa nyumba akipiga kelele na wangezidi kumgeuzia migongo, tena wengine kwa furaha. Mtu aliyetengwa hana mdomo Mwamashiga. Ana kitu kimoja tu ambacho hata kutengwa hakumwondolei, kwa sababu waliotunga sheria hiyo hawakudhani atakitumia: mwano.

Mwano ni ukelele wa hatari. Ukipigwa, hakuna kuuliza nani kaupiga wala kuna nini. Aliyesikia anaupokea kwa sauti yake, anampelekea jirani, kisha anashika fimbo au mkuki na kukimbia kuelekea ulikotoka. Kila mwenye miguu. Asiyekwenda anaadhibiwa. Na anayeupiga bure anacharazwa mpaka fimbo zivunjike, kisha anafukuzwa maisha, na hilo Kwandu alishaliona likifanyika na hakutaka kulikumbuka.

Lakini mwano huita wenye miguu tu. Wazee, wagonjwa na watoto hubaki, na hufungiwa ndani ili wawe salama. Ndani! Juu ya sakafu zile! Akipiga mwano kutoka kilimani atautoa mji, na atakuwa amewafungia mlango wale wasiojiweza, mama yake akiwa wa kwanza. Watakuwa na muda wa kurudi kuwachukua kama wataamini haraka. Wasipoamini, au wakianza kumpiga kwanza na kusikiliza baadaye, hakuna atakayerudi kwa wakati.

"Nisamehe, mayu," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia, akashika njia ya kulia na kuanza kukimbia.

Nusu ya njia alimpita mwanamke wa kokoto aliyekuwa amewasha moto juu ya jabali ili apate kulipasua. Mwanamke yule alimtambua, akatema mate kando. Tema tu, Kwandu aliwaza, mradi masikio yako yanafanya kazi. Alipofika kileleni, mapafu yakimwaka, aliweka viganja mdomoni na kuupiga.

Sauti yake ilikuwa imekwaruza na haikwenda mbali. Haikuhitaji kwenda mbali. Kule chini mwanamke wa kokoto aliacha moto wake, akasimama wima, na mwano ukatoka kifuani mwake kwa nguvu zote. Mtu mwingine asiyeonekana akaupokea. Halafu mwingine. Ulipofika mjini ulikuwa hauna mwenyewe tena, na mji mzima ukaanza kutoka mbio na kulijaza bonde.

Muda huo huo, upande wa pili, msafara wa magari ya Tanuru ulikuwa ukitimua vumbi kuelekea magharibi.

*

Jidayi alikuwa wa kwanza kufika, fimbo mkononi, jasho likimtiririka. Alitazama huku na huku akitafuta wezi, au chui, au moto. Akamwona Kwandu. Watu walizidi kufika nyuma yake wakihema, na kila aliyefika alimwona, na kila aliyemwona alinyamaza kwa namna ambayo ilimtisha Kwandu kuliko kelele.

"Ni yeye?" mtu aliuliza.

"Ni yeye. Ameupiga bure."

"Hata haya hana! Siku tisa tu za kunyamaziwa zimemshinda!"

"Uji wa moto uko chini ya mji," Kwandu alisema. "Umebaki saa chache. Warudieni wazee na watoto muwatoe, nawaombeni, halafu mnifanye mnavyotaka."

Fimbo ya kwanza ilimpata begani. Ya pili mgongoni, na ya tatu ikamwangusha magoti. Hawakumtukana hata. Walipiga kimya kimya, kwa sababu yeye ni mtu asiyesemeshwa, na Kwandu alifikiri: hivi ndivyo watakavyokufa, wakiniadhibu kwa utaratibu.

"Jidayi!" alipiga kelele uso ukiwa vumbini. "Ulichunga hapa miaka saba! Pengo liko wapi?"

Jidayi hakujibu; hakuruhusiwa kujibu. Lakini macho hayakuwa yamekatazwa.

Mwamashiga umepewa jina na majabali matatu makubwa yaliyokaa katikati ya mji kama mafiga ya jiko. Ukiwa mjini huyaoni vizuri, uko miguuni pake. Ni kutoka Kilima cha Upepo tu ndipo unaliona pengo kati ya jabali la kwanza na la pili, na kila mtu aliyewahi kuchunga ng'ombe pale analijua pengo lile kuliko kiganja chake, maana jua likiingia ndani yake ndiyo saa ya kuwarudisha ng'ombe. Tangu nyasi ziishe hakuna aliyepanda kilima kile. Miezi miwili mizima hakuna aliyetazama.

Jidayi alitazama. Pengo halikuwepo. Jabali la kwanza lilikuwa limeinama hadi kumwegemea mwenzake, na ardhi iliyoyabeba, iliyokuwa tambarare tangu babu za babu zao, ilikuwa imevimba.

"Haiwezekani," mzee mmoja alisema taratibu. "Nimewarudisha ng'ombe kwa pengo lile utoto wangu wote."

Fimbo zilishuka moja moja. Mwanamke fulani akaanza kulia jina la mtoto wake, kisha wa pili, na kabla Jidayi hajasema neno wenye mbio walikuwa tayari wanateremka.

"Wote!" Jidayi alinguruma. "Kila mmoja abebe mmoja! Msichukue godoro, msichukue sufuria, mtu tu! Mkitoka msirudi tena!" Akamwonyesha Kwandu kwa kidevu bila kumtazama. "Huyo mfungeni. Aliyepiga mwano haondoki mpaka mwano uhukumiwe."

"Jidayi, mama yangu! Nyonga yake mbovu, hatembei! Nifungue nikamchukue, nitarudi mwenyewe mnihukumu! Jidayi!"

Walimfunga kwenye mgunga kwa kamba ya ng'ombe, wakakaza, wakaondoka. Hakuna aliyemjibu. Kwandu alivuta kamba ile mpaka ngozi ya vifundo vya mikono ikachunika, akawatukana mababu zao wote, kisha akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumwonea haya.

*

Walianza kurejea saa saba na nusu. Mama na watoto wawili, mmoja kila upande. Kijana na babu yake mgongoni. Fundi baiskeli alifika akisukuma baiskeli, bibi kizee mmoja amefungwa kwenye kibebeo. Akamteremsha, akageuka, akarudi. Baadaye alifika tena na mwingine, miguu ikimtetemeka. Watu wakamwambia inatosha, mzee, amri ni safari moja. Akawaambia bado yuko mmoja karibu na duka lake, mlemavu, hana wa kumbeba. Akapanda baiskeli.

Kwandu alihesabu nyuso. Kilima kilijaa, na Ng'walu hakuwemo. Aliwauliza waliopita karibu naye, kwa majina, akiwasihi. Walitazama pembeni. Hata sasa! Hata sasa walitazama pembeni.

Kompyuta ilikosea kwa dakika arobaini. Saa tisa na dakika ishirini jabali la kwanza liliteleza kutoka mahali pake na kubingirika juu ya nyumba, pole pole mno kwa kitu kikubwa vile, na nyuma yake ardhi ikafunguka. Sauti iliwafikia baadaye. Kwanza waliona wingu la kijivu likipanda na kupanda, na upepo wa mashariki, ule usiokosa pale kilimani, ukalisukumia upande wa pili, walikokwenda wale wa magari. Mahali palipokuwa na bomba, na foleni ya ndoo, na kizingiti cha Ng'walu, hapakuonekana kitu.

Kwandu alikaa chini ya mgunga, mikono nyuma, akitazama.

Ndipo Jidayi alipotokeza kwenye mteremko, mwili wote majivu, anapanda kwa shida kwa sababu alikuwa na mtu mgongoni. Alifika hadi kwenye mgunga, akamteremsha Ng'walu karibu na binti yake, akasimama akihema.

"Fundi baiskeli hakutoka," alisema kwa watu wote, si kwa Kwandu. "Mwano ulikuwa wa kweli. Nimehukumu. Hauna fimbo tena. Lakini bomba ni bomba, na mtoto wangu ni mtoto wangu, na fundi ni fundi. Kutengwa kuko pale pale. Sasa tunaondoka, majivu yakigeuka yasitukute hapa."

Hakuna aliyepinga. Walianza kubebana tena, wakaelekea mashariki, na walipoufikia mgunga waliuzunguka kwa mbali. Hakuna aliyeinama kumfungua, kwa sababu kumsaidia mtu aliyetengwa ni kutengwa.

"Mwangaluka, mayu," Kwandu alisema. Sijui kwa nini alisema hivyo, ilhali ilikuwa karibu jioni. Labda ndilo neno pekee alilobaki nalo.

Ng'walu hakumtazama. Alijikokota kwa makalio hadi nyuma ya mti, akiuburuta mguu mbovu, akatafuta fundo kwa vidole vyake vya kizee.

"Wewe kamba," alisema kwa ukali, "nakufungua wewe. Simfungui mtu. Watu wasije wakanisingizia." Akavuta, akalaani, akatumia meno. "Kamba, kuku wangu nimemwacha ndani. Niligoma kutoka bila yeye, yule Jidayi akanibeba kama mzigo wa kuni. Sasa sina wa kusema naye isipokuwa wewe, kwa hiyo nisikilize vizuri."

Fundo liliachia. Kwandu alileta mikono mbele, ikiwa na damu na ganzi, na hakuthubutu kugeuka.

"Mimi siwezi kutembea," Ng'walu aliiambia kamba, akiiviringisha mkononi mwake. "Na hawa wote wameshabeba watu wao. Kamba, mtu akinichukua mgongoni, mimi sitakuwa nimemwomba."

Kwandu alipiga goti, akamgeuzia mgongo.